Kibao cha pili kwenye nguzo: jiji linavyompa mkazi wake jina la barabara

Swali la msomaji wa Tandika, Dar es Salaam:

"Shikamoo mwalimu. Mwaka jana nilikwenda kumsalimia kaka yangu anayeishi Bronx, New York. Nikashangaa kuona nguzo moja ya barabarani ina vibao viwili vya majina, na mtaa wenyewe ni mmoja. Kaka akaniambia kimoja ni jina la barabara, kingine ni jina la heshima la mtu wa pale. Mtaani kwetu tulikuwa na bibi mkunga, nusu ya watoto wa njia yetu walipita mikononi mwake. Amefariki. Vijana wanataka njia iitwe jina lake. Wazee wanasema njia hii inaitwa Mwembeni tangu wao wadogo na hawataki Mwembeni ifutwe. Tumefika mahali pa kununiana. Wenzetu wa kule jina la heshima wanalitoaje, na sisi tufanyeje?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Mkunga wa mtaa akiondoka anaondoka na daftari zima la kumbukumbu.

Kaka yako amekwambia kweli. New York kila barabara ina jina moja lililo kwenye ramani rasmi ya jiji, na jina hilo ndilo linaloandikwa kwenye hati za nyumba, barua na ankara za umeme, na ndilo magari ya zimamoto yanalolifuata. Jina la heshima linakaa kwenye nguzo tu. Linatungiwa sheria ya jiji, kwa hiyo ni rasmi, lakini ramani haiguswi na anwani ya mtu haibadiliki hata herufi moja. Mara nyingi linahusu kona moja, au kipande kifupi kati ya njia panda mbili, mahali ambapo mtu huyo aliishi au alifanya kazi yake. Hapo ndipo kibao cha pili kinapofungwa, chini au juu ya kile cha kwanza. Jiji lile lina zaidi ya majina 2,000 ya namna hiyo. Chicago nao wana utaratibu unaofanana, ila vibao vyao vya heshima ni vya rangi ya kahawia ili mgeni asivichanganye na vile vya kijani vya jina lenyewe.

Utaratibu wao unaanzia chini, na hili ndilo ninalotaka ulishike. Jiji limegawanywa katika maeneo 59, na kila eneo lina bodi ya wakazi isiyozidi watu 50. Hawalipwi. Ni watu wa pale pale: mwenye duka, mwalimu mstaafu, mama anayelea. Familia au majirani wanaotaka jina wanaandika maombi kwa bodi hiyo. Wanaeleza mtu alikuwa nani, aliishi wapi, aliwafanyia nini watu wa eneo lile, na wanataka kona ipi. Kila bodi ina masharti yake. Zipo zinazotaka sahihi za wakazi na wenye maduka wa kipande kile chenyewe, zipo zinazotaka muda upite tangu mtu afariki, na kwa kawaida aliye hai hapewi. Kisha kunakuwa na kikao cha wazi, na yeyote anaweza kusimama akasema ndiyo au akasema hapana mbele ya familia ya marehemu.

Kura ya bodi ni ushauri. Uamuzi uko kwa Baraza la Jiji lenye madiwani 51. Diwani wa eneo ndiye anayelibeba jina na kulipeleka barazani, na ili kazi isiwe nyingi, majina kadhaa yanakusanywa kwenye muswada mmoja, yanapita kamati, yanapigiwa kura pamoja, kisha yanakwenda kwa meya. Idara ya usafirishaji ya jiji inatengeneza kibao. Siku ya kukizindua kinafunikwa, familia inakusanyika chini ya nguzo, watu wanasema wanachokumbuka, na mjukuu anavuta kamba.

Ukiyatazama majina yenyewe utaona kwamba umaarufu si sharti. Baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001, kona nyingi sana zilipewa majina ya askari wa zimamoto na watu wa kawaida waliokufa siku ile, kila mmoja kwenye mtaa aliokuwa akiishi. Na huko huko Bronx alikokupeleka kaka yako, kwenye barabara ya Wheeler Avenue, kuna kibao cha Amadou Diallo Place. Amadou alikuwa kijana kutoka Guinea, mchuuzi wa vitu vidogo vidogo barabarani. Usiku wa 4 Februari 1999 askari wanne waliovaa kiraia walimfyatulia risasi 41 mlangoni kwake, naye hakuwa na silaha. Jiji lilipoliweka jina lake pale, lilikubali kwamba kilichotokea kwenye mlango ule hakitasahauliwa na wapita njia. Mimi kibao hicho kinanigusa kuliko vyote, kwa sababu kimemheshimu mgeni, maskini, na Mwafrika, mahali hasa alipoangukia.

Lakini usidhani kila ombi linapita. Mwaka 2007 baraza lile lilikataa jina la Sonny Carson, mwanaharakati wa Brooklyn, kwa kura 25 dhidi ya 15. Waliomtaka walikumbuka alivyopigania shule za watoto weusi na alivyowakabili wauza dawa za kulevya. Waliomkataa walikumbuka hukumu yake ya utekaji na maneno yake dhidi ya Wazungu. Mjadala ulikuwa mchungu na ulihusu mtu ambaye hakuwapo kujitetea. Mwanamuziki wa rap Notorious B.I.G., naye wa Brooklyn, alipingwa na baadhi ya wajumbe wa bodi ya eneo lake, walioleta habari za makosa yake ya ujana na hata unene wa mwili wake, jambo ambalo mimi naona halikuwa na nafasi kabisa katika kikao kile. Waliomwombea hawakuchoka. Kibao kilizinduliwa Juni 2019 karibu na nyumba aliyokulia. Kundi la rap la Beastie Boys lilikataliwa na bodi mwaka 2014, likakubaliwa na baraza mwaka 2022, kibao kikafungwa Septemba 2023. Miaka tisa kwa kona moja! Kwa hiyo vijana wako wakilalamika kwamba mambo yanachelewa, waambie hayo.

Sasa nije kwenye ugomvi wenu, kwa sababu ndio uliokufanya uniandikie.

Sisi tumezoea njia moja tu ya kumheshimu mtu barabarani, nayo ni kufuta jina la zamani na kuandika jipya juu yake. Chukua Mtaa wa Samora katikati ya jiji. Wajerumani waliuita Unter den Akazien, Waingereza wakauita Acacia Avenue, baada ya Uhuru ukawa Independence Avenue, kisha ukapewa jina la Samora Machel. Barabara moja, majina manne, na kila jina lilimfuta lililotangulia. Barabara ya Pugu ikawa ya Nyerere, Old Bagamoyo ikawa ya Mwai Kibaki, na Julai 2013, Rais wa Marekani alipotutembelea, Ocean Road ikawa Barack Obama Drive. Simama leo mjini uulize njia ya kwenda hospitali ya saratani. Utaambiwa Ocean Road, maana taasisi yenyewe bado inaitwa hivyo. Kariakoo, Mtaa wa Kipata ulipewa jina la Kleist Sykes, mmoja wa walioanzisha African Association mwaka 1929. Mtaa wa Tandamti ulipewa jina la Mshume Kiyate, mzee wa TANU na mfanyabiashara wa samaki wa pale pale sokoni. Nenda kapande daladala umwambie konda akushushe Mshume Kiyate. Atakuuliza ndiyo wapi, na ukisema Tandamti anakuelewa kabla hujamaliza.

Hili linaniuma. Mshume Kiyate ni mtu wa kukumbukwa Kariakoo, lakini tulipomweka juu ya Tandamti tulimpa kazi ya kupigana na mazoea ya watu kila siku, na mazoea yana nguvu kuliko kibao. Hata New York walilijifunza hilo kwa shida. Mwaka 1945 waliibadilisha Sixth Avenue, jina halisi kabisa kwenye ramani, wakaiita Avenue of the Americas. Wenyeji waliendelea na Sixth Avenue yao kana kwamba hawakusikia. Ilipofika miaka ya 1980 jiji likarudisha vibao vya Sixth Avenue, na leo majina yote mawili yamo kwenye nguzo.

Sisemi kufuta ni kosa siku zote. Nairobi, Delamere Avenue ilipogeuka Kenyatta Avenue, na Hardinge Street ikawa Kimathi Street, kufuta ndiko kulikokuwa shabaha. Nchi iliyonyang'anywa ardhi haikuwa na sababu ya kuendelea kumtaja kila asubuhi mlowezi aliyeichukua, na Dedan Kimathi, aliyenyongwa na wakoloni Februari 1957, alistahili barabara nzima katikati ya jiji. Lakini Mwembeni si Delamere. Mwembeni haijamdhulumu mtu. Ni mwembe uliokuwa pale, na wazee wenu waliochezea chini yake. Ukiifuta ili kumpa bibi nafasi, umemheshimu mama mmoja kwa kuwanyang'anya wazee kumbukumbu yao, na nina hakika bibi mwenyewe, aliyewazalisha wake zao, asingelitaka.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kibao cha pili. Njia ibaki Mwembeni, na chini yake kiwepo kibao kidogo cha jina la bibi. Vijana watapata walichotaka na wazee hawatapoteza kitu.

Kuna sababu nyingine, ya makaratasi. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya 23 Agosti, Operesheni ya Anwani za Makazi ilipita nchi nzima. Njia zikapewa majina, nyumba zikapewa namba, na taarifa zikaingizwa kwenye NaPA, mfumo wa kidijitali wa anwani wa taifa. Kama njia yenu iliandikishwa Mwembeni, basi nyumba zote za pale anwani yake ni namba na Mwembeni. Mkilibadilisha jina lenyewe, kila mwenye leseni ya biashara, kila mwenye mkataba wa pango, kila mtu aliyejaza anwani hiyo benki, anaanza kuhangaika. Nimewahi kufanya kazi na halmashauri moja iliyobadilisha jina la barabara bila kuwaambia vizuri wenye nyumba. Kwa miezi kadhaa mzee mmoja alikuwa anakuja ofisini na bahasha yake ya kaki, ndani yake hati yenye jina la zamani na barua ya mkopo yenye jina jipya, akiomba mtu amwandikie kwamba nyumba ile ni moja. Hakuna aliyejua ni kazi ya nani kumwandikia. Niliona aibu mbele yake, na tangu siku ile sishauri mtu kubadilisha jina la njia iliyokwisha kuwa na namba za nyumba, ila kama kuna dhuluma ya kufuta.

Sasa mtaanzia wapi? Hapa nieleze neno moja linalowachanganya wengi. "Mtaa" kwetu ni vitu viwili. Kuna mtaa ambao ni eneo lenye serikali yake, mwenyekiti na mtendaji, na kuna mtaa ambao ni barabara ndogo ya kupita. Jina mnalolitaka ni la njia, lakini kikao cha kulijadili ni cha serikali ya mtaa. Muoneni mwenyekiti, mwombe ajenda iingie kwenye mkutano mkuu wa mtaa wenye wakazi wote, na msikubali iishie kwenye kikao cha wajumbe peke yao. Mahudhurio yaandikwe na kusainiwa. Muhtasari useme kwa maneno yasiyo na utata kwamba jina la njia linabaki Mwembeni, anwani za nyumba hazibadiliki, na kinachoombwa ni kibao cha heshima. Mkiacha sentensi hiyo, mtu wa ofisini atadhani mnataka kubadilisha jina la barabara, na mtaingia kwenye foleni nyingine.

Muhtasari huo unakwenda kwa mtendaji wa kata ili uingie kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Kisha diwani anaupeleka kwenye halmashauri, na kwenu ni Manispaa ya Temeke. Mpeni diwani nakala mapema, kabla ya kikao. Diwani anayemfahamu bibi atamsemea kwa moyo, lakini anayelisikia jina kwa mara ya kwanza mezani atalisoma kama anavyosoma bajeti ya mitaro. Na kibao chenyewe kitasimama kwenye hifadhi ya barabara, kwa hiyo kama njia yenu iko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ombeni kibali chao kabla ya fundi kuchomelea chochote. Kibao kilichofungwa usiku bila kibali kinang'olewa mchana, na familia ya marehemu inaaibika bila kosa.

Pale New York kitu kinachobeba maombi ni maelezo ya maisha ya mtu, na huku nako iwe hivyo. Andikeni ukurasa mmoja. Msiandike kwamba alikuwa "mama wa wote" na "taa ya jamii". Andikeni alifika Tandika mwaka gani, alijifunza ukunga kwa nani, alikuwa anaitwa saa ngapi usiku, alikuwa anatembea kwa miguu mpaka wapi, na lini alikuwa anasema hapana, huyu apelekwe hospitali. Hilo la mwisho msiliache, maana mkunga anayejua mpaka wa kazi yake ameokoa watu wengi zaidi. Watafuteni watu watatu aliowazalisha, wa rika tofauti, waje wasimame kwenye mkutano.

Watakaopinga wapeni nafasi ya kusema. Labda yupo aliyempoteza mtoto mikononi mwa bibi na hajawahi kulisema hadharani. Mkimnyamazisha, kibao kitakuwa mwiba kwake kila anapopita. Mkimsikiliza, huenda akakubali, huenda asikubali, lakini jina litakuwa limepita kwenye kweli. Sisi wenyewe tuna mfano. Bibi Titi Mohamed aliongoza akina mama kudai uhuru, akaongoza UWT, umoja wa wanawake, kisha mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kesi ya uhaini, akaachiwa mwaka 1972. Leo barabara iliyokuwa ikiitwa UWT, katikati kabisa ya Dar es Salaam, ina jina lake. Maisha yake yalipimwa yote, na heshima ikabaki.

Mmefanya vyema kungoja mpaka bibi amepumzika. Nairobi mwaka 2021 barabara moja ya Kileleshwa ilipewa jina la Francis Atwoli, kiongozi wa wafanyakazi, akiwa hai. Kibao hakikukaa. Kiling'olewa, kikachomwa moto. Mtu aliye hai bado ana mabishano yake na watu, na kibao kinayarithi.

Kuhusu jina la kuandika, fuateni lile ambalo watu walimwita. Kibao cha yule mwanamuziki wa Brooklyn kina jina alilopewa na wazazi na jina alilojipa mwenyewe, yote mawili, kwa sababu mtu asingemtambua kwa moja. Kama bibi alikuwa anaitwa mama fulani, au Bi fulani Mkunga, hilo ndilo liandikwe, na jina lake kamili chini yake kwa herufi ndogo. Kabla ya kumpa fundi, wapelekeeni watoto wake karatasi yenye jina hilo wakubaliane herufi kwa herufi, wasaini. Nimeona kibao kizuri chenye jina la marehemu lililokosewa, na mwanawe hakuweza kukitazama.

Mwisho, kibao kifungwe wapi? Wewe umesema njia nzima. Mimi ningekifunga kwenye kona iliyo karibu na mlango wake, pale ambapo baba mwenye mke mwenye uchungu alikuwa anafika usiku na kubisha hodi. Muhtasari wa mkutano ukiwa tayari, nitumie niusome kabla haujakwenda kata.